Mwaka Nilioongeza Maji ya Moto

Mwezi uliopita tulimwoza mdogo wetu Robhi, hapa hapa Tarime, na baada ya chakula Chacha alisimama kuzungumza kwa niaba ya ndugu wa bibi harusi. Chacha ndiye anayenifuata kuzaliwa. Alisema maneno niliyojua atayasema, kwa sababu wadogo zangu wamekuwa wakiyasema tangu walipopata ujasiri wa kusimama mbele za watu: kwamba tulipobaki yatima dada yao mkubwa aliacha shule ili wao wasome, akala mwisho ili wao watangulie kushiba, akauvua ujana wake kama viatu na kuuacha mlangoni. Watu walipiga makofi. Shangazi alijifuta macho kwa pindo la kanga. Mimi niliitazama sahani yangu, pilau limeshapoa, nikatikisa kichwa taratibu kama ninavyofanya kila mara, na kila mara watu hudhani ni unyenyekevu. Si unyenyekevu. Natikisa kichwa kwa sababu si kweli. Mwaka huo wanaouita mwaka wa mateso yangu ndio mwaka niliofurahi kuliko miaka yote niliyoishi, na aliyeulipia ni huyo huyo aliyekuwa ameshika kipaza sauti.

Alipomaliza, Chacha alirudi kukaa. Hakuja meza yetu. Alikwenda kwenye turubai la pili, kwa wanaume wadogo, maana kwetu Wakurya wanaume kwenye sherehe hukaa na kuhudumiwa kwa rika, na rika lako ni wale uliotahiriwa nao msimu mmoja. Wenzake aliosoma nao darasa moja, waliocheza naye mpira wa makaratasi nyuma ya ofisi za Bomani, walikuwa turubai la kwanza na nyama imeshawafikia. Yeye, mwenye mvi kidevuni, alikaa katikati ya vijana wanaomwita kaka, akangoja zamu. Mmoja wa wenzake wa darasani alimpigia kelele kutoka mbali, "Chacha, mdogo wangu, njoo unifungulie soda," na turubai zima likacheka. Chacha naye alicheka. Alikwenda akaifungua.

Sitaeleza wazazi wetu walikuwa nani wala waliondokaje. Naanzia siku ya kumaliza matanga, katika nyumba yetu ya vyumba viwili. Wakubwa walikuwa sebuleni, mimi jikoni nakoroga uji, na kwa kuwa ukuta wa katikati haukufika juu, maneno yalikuwa yakivuka kwangu na moshi ukivuka kwao. Baba mdogo Nyamhanga, aliyekuwa akichimba dhahabu kwenye mashimo madogo ya Nyangoto, alikuwa anatugawa. Chacha aende kwake akachunge ng'ombe. Robhi aende kwa shangazi, kule Kewanja. Marwa, ambaye bado alikuwa wa kubebwa mgongoni, apelekwe kwa bibi mzaa mama, kule upande wa Serengeti. "Na Ghati?" shangazi akauliza. Ghati ni mimi. Baba mdogo akasema, "Ghati ni wa kuolewa. Mahari yake ndiyo itatusaidia kuwalea hawa." Nilisikia vijiko vikigonga vikombe, mtu akaomba sukari, kana kwamba kilichokuwa kinagawanywa ni mahindi.

Niliingia na uji, nikaweka chini, nikapiga magoti. "Baba mdogo, naomba mwaka mmoja. Tukae hapa hapa wote wanne. Nikishindwa, uwachukue."

"Utawalisha nini?" akauliza. Nilikuwa bado nimevaa sketi ya shule. "Utawapikia madaftari?"

"Nitafanya kazi."

Wakacheka, si kwa ubaya. Shangazi akasema, "Mwacheni ajaribu. Njaa itatusemea." Baba mdogo alikunywa uji mpaka nusu ya kikombe kabla ya kujibu. "Mpaka mtama utakapovunwa tena," akasema. "Nitakuja kuangalia kwa macho yangu. Nikikuta nyumba imelegea hata kamba moja, nachukua watoto siku hiyo hiyo."

Hivyo ndivyo nilivyoacha shule, na wadogo zangu husimulia sehemu hii kwa sauti ya chini. Wasichojua ni kwamba nilikuwa kidato cha tatu nikiburura mkia, na hisabati ilikuwa imenifanya niogope asubuhi. Siku nilipoikunja sketi ile na kuisukumiza chini ya godoro, nilijisikia kama mtu aliyetua ndoo ya maji baada ya mlima. Baba na mama wako chini ya udongo ambao haujaota hata jani, nami natua ndoo. Usiku ule nililala vizuri. Hata leo nikikumbuka nilivyolala, nageuka upande wa pili wa kitanda.

Kazi niliipata kwa Bibi Wegesa, mjane aliyekuwa na kilabu cha pombe ya mtama. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkali, mwenye mikono iliyobabuka kwa mvuke. Kilabu chake kilikuwa nyumba ya duara ya nyasi, nyeusi ndani kwa moshi hata ukigusa nguzo mkono unatoka na masizi. Katikati, nusu kimefukiwa sakafuni, kilikaa chungu kikubwa, na wazee walikizunguka juu ya vigoda, kila mmoja na mrija wake mrefu uliozama ndani. Wakiondoka, mirija ilichomekwa kwenye nyasi za paa, kila mmoja mahali pake, na ole wako uchanganye wa Mzee Matiko na wa jirani yake. Kazi yangu ilikuwa kuongeza maji ya moto. Pombe ile hunywewa ikiwa moto. Chungu kikianza kupoa, mtu huja na birika akamimina taratibu ukingoni, unga wa kimea unachemka upya, na mazungumzo yanapata nguvu. Anayeongeza maji hayumo kwenye duara. Hasemi, hacheki, haulizwi. Kwa hiyo anasikia kila kitu.

Bibi Wegesa alinifundisha sheria moja kabla ya zote. Mtu akishiba, hushika mrija wake, husema "nimeshiba, bakini salama," ndipo anautoa. Anayeutoa kimya anasema jambo jingine. Anasema kwamba ndani ya duara lile, au popote duniani, kuna mtu ana neno naye. Hapo wenzake ni lazima wamwulize, "Una neno na nani?" naye ni lazima aseme. "Na akianza kusema," Bibi Wegesa aliniambia, "wewe usisimame kama nguzo. Ongeza maji. Mtu hasemi neno lake mbele ya chungu baridi."

Mwalimu Komba alitokea mwezi wangu wa pili pale. Alikuwa mtu wa Songea, amepangiwa Tarime kufundisha historia, mrefu, mwenye sauti ya taratibu. Jumamosi na siku za likizo alikuwa akiwatembeza kwa miguu wageni waliotoka kuangalia wanyama Serengeti wakielekea mpaka wa Sirari. Aliwatembeza kwenye vilabu vya zamani tu. Hakuwa na mlima wa kuwaonyesha wala makumbusho, alisema, lakini mji wowote historia yake imekaa mahali watu wanapokunywa. Shida yake ilikuwa lugha. Wazee wa vilabuni walikuwa wakimsalimia kwa Kiswahili, kisha wakirudi kwenye Kikurya chao na kumwacha nje kama kuku. Siku moja aliniona nikijizuia kumcheka Mzee Matiko, akamwuliza Bibi Wegesa, "Mama, huyu binti anasikia Kiswahili?"

"Anasikia mpaka yasiyomhusu," Bibi akajibu. "Mchukue Jumamosi, lakini umrudishe mzima."

Basi nikawa mtembezaji. Tulianzia Bomani, penye ofisi, ambapo Mwalimu aliwaonyesha wageni jengo refu la bati lenye sakafu ya saruji na dirisha dogo la kupokelea vibuyu. Alisema wakati wa Mwingereza watu walizuiwa kupika pombe majumbani, wakaletwa kunywa humo ili serikali ipate kodi yake. Nyuma ya jengo hilo mzee mmoja alichoma mbuzi, na wageni walifundishwa kuchovya nyama kwenye kichuri, ule mchuzi mchungu wa majani yaliyotoka tumboni mwa mnyama, ukachujwa na kuchemshwa. Niliwaambia kilichomo baada ya kumeza, kamwe si kabla. Mwalimu alisema huo ndio ualimu. Kisha tulishuka kwa Mama Akinyi, Mjaluo aliyeuza busaa, pombe ya unga wa mahindi, na samaki wa kukaanga, mwanamke aliyewatania wageni kwa lugha nne na kuwakatalia katika zote. Tulimalizia kwa Bibi Wegesa, kwenye chungu, na ugali wa mtama na maziwa ya mgando. Mwalimu alisema na wageni kwa Kiingereza, akanigeuzia kwa Kiswahili, nami nikawageuzia wazee kwa Kikurya, kisha jibu likapanda ngazi zile zile kurudi. Mara nyingi lilifika juu likiwa limenenepa, maana nilizoea kuongeza chumvi. Mwalimu alilijua hilo. Aliponisikia nimerefusha sana alikuwa akikohoa.

Nieleze vipi furaha ile? Darasani nilikuwa nikiulizwa ili nionekane sijui. Hapa watu wazima walisimama juani wakingoja mdomo wangu. Nilijua kila kichochoro cha mji, nikajua nani alimwuzia nani kiwanja kwa ndoo ya pombe, na kwa nini mti fulani umebaki katikati ya njia. Nilikula nyama kila Jumamosi. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Jioni nilirudi nyumbani nimebeba chakula kilichosalia kwenye kifuko cha plastiki, nikiimba, na sikumbuki hata siku moja niliyosimama nje ya mlango nikajiuliza mlango ule ulikuwa umeshindaje.

Ulikuwa umeshinda na Chacha. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Akitoka shule alikuwa akimtoa Marwa kwa jirani, anambeba mgongoni kwa kanga ya mama, anachota maji, anasonga ugali, anamwosha Robhi miguu. Kwetu mvulana hafanyi hivyo. Akishafika umri wa kukaribia tohara hata jikoni haingii. Wenzake walikuwa wakipanda juu ya ukuta wa jirani na kumwimbia. "Mama Marwa, leo umepika nini?" "Mama Marwa, mume yuko wapi?" Siku moja nilirudi mapema, nikawasikia. Chacha alikuwa amechuchumaa anapepea moto, mgongo wake umewageukia. Akajibu bila kugeuka, "Nimepika mbwa wa baba yako, njoo uonje mkia." Wakacheka, wakaondoka. Aliponiona akaniuliza, "Dada, leo wageni walikuwa wa wapi?" Nami nikaanza kumsimulia, nimesimama mlangoni, mikono mitupu, huku yeye akigeuza ugali.

Mwezi wa kumi na moja wazee walitangaza msimu wa tohara. Kwetu hauji kila mwaka. Wazee wa mila hukaa, wakasoma dalili zao, na ukipita unaweza kungoja miaka. Wavulana wote wa umri wa Chacha walianza kutembea vifua mbele. Jumapili moja baba mdogo alikuja mjini, akakaa kwenye chungu kwa Bibi Wegesa, karibu na Mzee Matiko. Mimi nilikuwa na birika. Hawakushusha sauti, maana anayeongeza maji si mtu.

"Yule binti wa marehemu anajitahidi," Mzee Matiko akasema. "Ngoja ngoja, utakosa watoto."

"Sitakosa," baba mdogo akasema, mrija mdomoni. "Chacha anatahiriwa msimu huu. Nitamchukua kwangu Nyangoto apone. Akishakuwa mwanaume harudi kwenye masufuria, hata umpige. Na Chacha akitoka, nani atabaki na wadogo? Ghati itabidi akae nyumbani, kazi itakufa. Nyumba ile itavunjika yenyewe. Sihitaji hata kuisukuma."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayehesabu mvua. Nilimimina maji mpaka Mzee Matiko akaniambia, "Mwanangu, unataka kutupika?"

Jioni nilimweleza Chacha. Alikuwa anamenya viazi vitamu, Marwa amelala mgongoni, kichwa kimening'inia pembeni. Nilimweleza yote, neno kwa neno, na nilifanya hata sauti ya baba mdogo, maana nilikuwa nimeshazoea kugeuza maneno ya watu. Chacha aliendelea kumenya. Kiazi kikaisha, akachukua kingine.

"Basi sitakwenda," akasema.

"Hapana, Chacha. Nenda. Ni msimu wako."

"Nitangoja mwingine."

Nami nikanyamaza. Nimeirudia jioni ile mara nyingi kuliko sala yoyote. Nilimwambia nenda, hilo ni kweli, na hakuna anayeweza kunishitaki. Lakini nilimwambia mara moja tu. Mtu anayetaka akubaliwe husema mara tatu. Anayesema mara moja anangoja kukataliwa. Na alipokataa, kilichonijia kwanza hakikuwa huruma. Nilifikiri juu ya Jumamosi. Mwalimu alikuwa ameniambia kuna wageni wawili wanakuja, mtu na mkewe, wazee, Waingereza, ambao kwao nako wana kazi kama yetu.

Walikuja katikati ya msimu, mji ukiwa na ngoma na filimbi tangu alfajiri. Mume alikuwa anaitwa Peter. Mzee Matiko akamgeuza Petro, na hakutaka kusikia vinginevyo. Njiani alitusimulia kwamba katika mji wao kuna nyumba za pombe za kale mno, dari zimeinama hata mtu mrefu anaingia kwa adabu apende asipende, na yeye baada ya kustaafu alikuwa akiwatembeza watu nyumba hadi nyumba, akiwaonyesha mfalme gani alipita wapi, wakila mikate iliyojazwa nyama na jibini linalonuka. Kichuri alikila, nikamwambia kilichomo, akafikiri kidogo, akaomba tena. Tulipoketi kwa Bibi Wegesa wazee walitaka kujua mengi. Mzee Matiko akasema, "Ghati, mwulize, huko kwao chungu ni kikubwa kama hiki?"

Swali likapanda, jibu likashuka. "Anasema hawana chungu. Kila mtu ana glasi yake."

Wazee wakatikisa vichwa kwa huruma. "Kila mtu na yake," Mzee Matiko akarudia. "Sasa wanajuaje nani ana neno na nani?"

Sijui kama Mwalimu aliligeuza swali lile, kwa sababu wakati huo huo Mzee Petro, aliyekuwa amekunywa kwa adabu, alitaka mkewe auone mrija vizuri. Akauvuta wote kutoka chunguni, kimya, akauinua. Mirija mingine yote ikasimama. Nje ngoma zilikuwa zikipita mbali. Bibi Wegesa aliniangalia, na Mwalimu, ambaye hakuijua sheria ile, akaniangalia pia. Mzee Matiko akauliza kwa upole, kama inavyotakiwa, "Petro, una neno na nani?"

Nikamweleza Mwalimu, naye akamweleza mgeni, akimwomba radhi, akimwambia ni mila tu, aurudishe mrija aseme ameshiba, yaishe. Lakini yule mzee hakuurudisha. Aliuweka juu ya magoti. Alitazama chungu, akaanza kusema taratibu, Mwalimu akigeuza, nami nikigeuza baada yake, bila kuongeza chumvi. Alisema ana ndugu yake mmoja tu. Walikuwa wakigombea nyumba ya mama yao, na kila mmoja ana glasi yake, kila mmoja anakunywa kwenye nyumba yake ya pombe, na njia ya katikati hawajaivuka mpaka nywele zimewaisha. Mkewe alimshika mkono. Hakuna mzee aliyemshauri. Hiyo nayo ni sheria: neno likitolewa, linasikilizwa tu. Bibi Wegesa akanifinya. "Maji," akasema. Nikamimina.

Ngoma zikawa zimefika barabarani. Wavulana walikuwa wakirudishwa kutoka kutahiriwa, wamefunikwa mashuka, kaka na binamu zao wakiwazunguka kwa marungu na filimbi, na wageni wakainuka waone. Nikatoka nao. Nilikuwa bado na birika mkononi na joto la simulizi lile kifuani. Sijawahi kujiona wa maana kama dakika zile. Ng'ambo ya barabara, kando ya banda la fundi baiskeli, alisimama Chacha. Marwa alikuwa mgongoni kwake, amefungwa kwa kanga ya mama, Robhi amemshika suruali. Rika lake lilipita katikati yetu, vumbi likapanda. Niliwaona wale waliokuwa wakikaa juu ya ukuta, nyuso zao zimekauka kwa maumivu na fahari, na hakuna aliyemwita tena Mama Marwa, hawakumtazama kabisa. Vumbi lilipotulia Chacha aliniona. Akainua mkono. Nami nikainua wangu, ule usio na birika. Kisha mke wa Mzee Petro akaniuliza, kupitia kwa Mwalimu, jambo kuhusu mashuka, nikageuka kumjibu.

Mtama ulipovunwa baba mdogo alikuja kama alivyoahidi, asubuhi, bila taarifa. Alikuta uani kumefagiliwa, Robhi ana sare ya chekechea, debe la unga limejaa. Alimkuta Chacha ameshika mwiko. Alisimama mlangoni pa jikoni, kofia mkononi, akamtazama kijana wa kaka yake. "Chacha, wewe ndiye mwanamke wa nyumba hii?"

"Shikamoo, baba mdogo," Chacha akasema. "Ugali uko tayari. Utakula?"

Baba mdogo alikula. Alinawa mikono, akaniambia, bila kunitazama, "Kaeni." Hilo tu. Alipofika nje akasimama, akaongeza, "Yule mvulana amenishinda." Hakusema mimi. Kwa miaka mingi nilidhani aliteleza ulimi.

Tulikaa. Wote walisoma, Robhi ni nesi, Marwa anafundisha huko Mugumu, Chacha ana karakana yake ya kuchomelea vyuma. Mwalimu Komba alihamishwa, matembezi yakafa, nami nikabaki na Bibi Wegesa mpaka nilipomzika. Msimu uliofuata wa tohara ulichelewa. Chacha alisimama kwenye mstari akiwa na ndevu, akiwazidi kwa kichwa na mabega watoto waliokuwa wakiwalilia mama zao, na toka siku hiyo, kila harusi, kila matanga, amekaa nao.

Siku mbili baada ya harusi ya Robhi nilimwomba Chacha anisindikize kilabuni. Mjukuu wa Bibi Wegesa bado anapika Jumamosi, kwa wazee wachache waliobaki. Zamani mwanamke wa umri wangu asingepewa kigoda. Siku hizi chungu hakichagui. Tulikuwa sisi wawili tu, mchana, mjukuu ametoka kununua kuni, na mwanga uliingia mlangoni mpaka kwenye miguu yetu. Tukaanza kunywa.

"Chacha," nikasema, "yale uliyosema juzi kwenye harusi."

"Yamefanya nini?"

"Si kweli."

"Harusini nani anasema kweli, dada?"

"Nasema ya mwaka ule. Mnasema niliteseka. Sikuteseka. Nilifurahi, Chacha. Wewe ulikuwa jikoni, na mimi nilifurahi."

Alivuta pombe taratibu, akameza. "Najua," akasema. "Tulikuwa tunakusikia ukija. Ulikuwa unaanza kuimba pale kwa fundi baiskeli. Marwa alikuwa akikusikia ananyamaza."

Nilidhani yameishia hapo. Nilitamani yaishie hapo, kwa sababu yalikuwa karibu kufanana na msamaha. Nikafumba macho kidogo. Nilipoyafumbua, Chacha alikuwa ameshika mrija wake kwa vidole viwili. Hakusema ameshiba. Hakusema nibaki salama. Aliuvuta wote, polepole, matone yakaanguka juu ya majivu, akaulaza juu ya magoti yake, akakaa akinitazama, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, uso wake umekauka kama nyuso zile zilizopita barabarani.

Hapakuwa na mwingine wa kuuliza.

"Una neno na nani?" nikamwuliza.

"Na wewe, dada."

Niliinuka. Mrija wangu niliuacha chunguni. Nikachukua birika mekoni, nikarudi nikainama ukingoni, nikamimina maji ya moto taratibu, kama nilivyofundishwa, mpaka mvuke ukapanda katikati yetu.

"Sema," nikamwambia.